Kikombe cha Maji kwenye Kilio

Hulda alikuwa na kazi tatu za asubuhi. Alifagia uwanja, aliteka maji bombani, na siku ambazo baba yake hakuweza kusimama, alipitia stesheni ya Kamina kumwombea ruhusa. Shuleni aliandikwa Ngoie, maana Zaire ya siku zile haikutaka majina ya kigeni, lakini nyumbani na stesheni kila mtu alimwita Hulda.

"Papa iko na malaria," alimwambia kapita, msimamizi wa kazi za reli.

"Malaria tena?" kapita akauliza. "Mbu ya kwenu inakunywaka lutuku?"

Wafanyakazi wakaangua kicheko. Nani asiyejua? Papa Kisimba, mgeuza njia za reli, fundi aliyeitambua treni ya Bukama kwa mlio wake tu, alikuwa amezama katika lutuku, ile pombe kali inayopikwa nyuma ya nyumba. Kapita akaacha kucheka. "Umuambie, mara ingine kazi imekwisha. Mulevi akigeuza njia vibaya, bantu banakufa."

Hulda aliondoka upesi. Akawaza: nikipata vidonge vya malaria, uongo wangu utasimama. Akanyoosha hadi dispensari kwa Mama Émerence, muuguzi mwenye maneno machache na macho yasiyodanganyika.

"Homa imeanza lini?" Mama Émerence akauliza.

"Jana."

"Na mikono inatetemeka mpaka anywe tena?"

Hulda alifungua kinywa ajibu, yakatoka machozi. Akasema yote, pombe, stesheni, kapita, bila kubakiza neno. Muuguzi hakushangaa hata kidogo.

"Minyi pia nalikuwa hivyo," akasema. "Nalikuwa nauzisha lutuku, kisha nikaanza kunywa mali yangu mwenyewe. Sikiliza, mutoto. Kila Jumatano tunakutana chumba cha nyuma ya kanisa, banaume na banamuke. Hakuna kuhubiriana, hakuna kuchekana. Kila mutu anasema kweli yake, wenzake banasikiliza. Mulete papa yako."

Kumleta haikuwa kazi ndogo. Papa Kisimba alifoka kwamba wanataka kumvua nguo mbele za watu. Mama Phébé, mkewe, aliendelea kutwanga sombe yake, majani ya muhogo, na kila pigo la mchi lilikuwa na maana. Jumatano ya kwanza Papa Kisimba alifika mlangoni, akageuka nyuma. Jumatano iliyofuata Hulda alimshika mkono imara, wakaingia pamoja.

Akarudi tena, na tena. Mikono ikatulia. Kapita akaacha mizaha yake, na Hulda akaanza kwenda shule moja kwa moja, bila kupitia stesheni.

Ndipo babu yake, mzazi wa Mama Phébé, akafariki.

Katika ukoo ule, kwenye kilio, yaani matanga, mkwe wa marehemu ndiye hupewa kikombe cha kwanza cha lutuku. Akikikataa, amemdharau marehemu, na maneno hayo hayatasahaulika. Lakini Mama Émerence alikwisha kumwonya Papa Kisimba: kikombe kimoja tu kingemrudisha alikotoka. Na nani aliyepewa sinia awagawie watu? Hulda.

Kule jikoni alifikiri haraka. Lutuku haina rangi, ni kama maji. Nani atajua? Akajaza maji ya mtungi katika kikombe cha baba yake, akaenda kupiga magoti mbele yake kama binti mwenye adabu.

Papa Kisimba alikinusa; hakikuwa na harufu ya pombe. Akamtazama binti yake. Kunywa tu, papa, Hulda alimwomba kimoyomoyo, umekwisha kuokoka. Lakini Papa Kisimba akasimama.

"Bandugu," akasema, "mukwe wangu nalimupenda sana. Sitamudanganya siku ya kilio chake. Ndani ya kikombe hiki iko maji. Mutoto ameniwekea kwa kunifichia haya. Minyi niko mugonjwa wa pombe. Nikionja kidogo, sitaacha. Kila Jumatano naenda kukutana na bantu kama minyi, nyuma ya kanisa. Leo nitamulilia mukwe na maji."

Akanywa maji yote. Mzee mmoja akasonya. Mwingine akanung'unika kwamba adabu imekwisha duniani. Hulda alitamani ardhi ipasuke immeze. Kisha mjomba Banza, kaka wa Mama Phébé na mwenye kilio, akanyanyuka, akakichukua kile kikombe kitupu, akaenda mwenyewe kukijaza maji ya mtungi na kumrudishia shemeji yake kwa mikono miwili. Manung'uniko yakakoma. Fahari ilimjaa Hulda kifuani hata akasahau kwamba bado amepiga magoti.

Kesho yake alikuwa akiosha vyombo, Banza akaja kusimama karibu naye.

"Mupwa wangu," akasema polepole, "hiyo mukutano ya papa yako, mulango wake iko upande gani?"

Jumatano Banza aliingia, kofia mkononi, akakaa ukingoni mwa benchi. Hakuna aliyemlazimisha kusema. Mama Émerence akamvuta Hulda pembeni.

"Ulimuwekea papa maji kwa sababu unamupenda," akamwambia. "Najua. Lakini ukimufichia muntu ugonjwa wake, unamuachia aubebe peke yake. Papa yako alisema kweli mbele ya bote, na ona, mujomba wako amepata njia ya kuja. Usiogope kusema kweli, mutoto, hata kama ni ya haya. Kweli njo inaleta musaada."

Zamu ya Papa Kisimba ikafika. Akasimama wima, mikono imetulia.

"Naitwa Kisimba, na leo sikukunywa," akasema. Halafu akamwonyesha binti yake aliyesimama karibu na mlango. "Na yule njo Hulda. Musifikiri minyi nalimuleta hapa. Ni yeye alinileta."