Zamu ya Kamanda

Kiti kilikuwa na joto.

Dada alikigusa kwa kiganja, akaurudisha mkono kama aliyegusa pasi. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa kuamini vidole vyake kuliko macho. Chumba cha mdogo wake hakikukaliwa tangu mazishi. Dirisha lilifungwa, na kompyuta iliendelea kuwaka mezani kwa sababu mama alikataa katakata izimwe. Mdogo wake aliugua kifua mpaka akafa, akaacha mchezo wake katikati, vita havijaisha.

"Mama, nani amekaa hapa?"

Mama alikuwa jikoni. Hakumjibu yeye. Aliita tu, kwa ile sauti ya kumwita mtoto aje ale: "Kamanda!"

Ndivyo walivyomtania marehemu.

Na humo humo chumbani, nyuma ya pazia la kabati, sauti ikaitika: "Naam."

Dada alijikuta uani, viatu mkononi. Mama alimfuata akitabasamu. "Umemsikia? Nilikwambia sijarukwa na akili." Gauni alilomshonea juzijuzi lilimning'inia kama limetundikwa kwenye msumari.

Wakamwita mtabibu, mwanamke mnene wa maneno machache. Alizungusha chetezo chumba kizima. Moshi ukaizunguka kompyuta bila kuigusa, kama maji yanavyolizunguka jiwe.

"Huyu si mtoto wenu," alimnong'oneza Dada mlangoni. "Ni jini mpita njia. Amekuta vita vimeachwa wazi, mwenyewe hayupo, akavaa sauti yake. Ubani haumtoi. Mtu wa damu moja na marehemu avimalize vile vita."

"Mimi? Hata drafti sijui!"

"Basi jifunze upesi, mwanangu. Mtazame mama yako. Anayeliwa taratibu hasikii jino."

Jioni ile, mama akiwa amesinzia, Dada alivuta kigoda kutoka sebuleni, maana hakuthubutu kukikalia kile kiti, akaketi mbele ya mchezo kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Alitarajia kelele na risasi. Alikuta mvua na kimya. Ngome ya mawe, daraja, na uwanja uliokatwa mirabaraba kama kitambaa cha sare za shule. Juu ya mirabaraba walisimama watu wa zama za kale, wamevaa chuma toka utosini hadi kwenye vidole vya miguu, na mbele yao majitu yenye pembe. Chini ya kila shujaa kulikuwa na jina. Mwenye upanga: Kamanda. Kikongwe mwenye fimbo ya kuponya: Mama. Mwenye upinde: Dada. Mdogo wake alikuwa ameiandikisha vitani familia nzima, na yule Dada wa upinde alikuwa amempachika pua kama bamia, makusudi. Alicheka. Kicheko kikamgeukia kilio kabla hakijafika mwisho.

Hakuna aliyesogea. Walipumua tu, mabega yakipanda na kushuka, wakimngoja. Alijaribu hiki na kile, akaelewa: unasogeza wako, kisha adui anasogeza wake, usiposogeza, dunia nzima inakusubiri. Ndipo alipojua kwa nini mdogo wake hakuwa akibanduka hapa siku zile kifua kilipombana. Palikuwa mahali pekee ambapo kifo kilingoja zamu yake.

Akamsogeza yule mwenye upinde mraba mmoja.

Nyuma ya pazia, mguu ukaburutwa hatua moja.

Akatulia. Nao ukatulia. Akasogeza tena, na mguu ukaburutwa tena, na harufu ikaja, ya chuma kilicholowa na ile dawa ya kuchulia kifua aliyompaka mdogo wake kwa mikono yake mwenyewe, harufu iliyomfanya atake kukimbia na kugeuka kukumbatia kwa wakati mmoja, lakini hakugeuka, aliyatazama majitu yakilikaribia daraja na akapima kama anavyopima kabla ya kukata, akaona njia ni moja tu: Mama na Dada wangefika langoni salama ikiwa mmoja angebaki darajani. Akawasogeza wawili hao hadi langoni, Kamanda akabaki.

Mkono mkavu ukamshika kifundo cha mkono. Mama alikuwa ameamka.

"Usimwache pale."

"Mama, si yeye."

"Nakuomba. Mimi mama yako nakuomba, usimwache peke yake kwenye mvua."

Na sikioni mwa Dada, karibu kiasi cha kuhisi pumzi yenye baridi ya kisima, sauti ikasema, "Dada, nisogeze na mimi," sauti ya homa, sauti ya zile siku za mwisho alipokuwa akiomba ageuzwe kitandani, na pazia likapanda na kushuka kama mabega, na mama akalia, na sauti ikarudia nisogeze, nisogeze, mpaka machozi yakaifuta skrini yote machoni pa Dada, naye akabonyeza kwa kubahatisha pale palipoandikwa Maliza Zamu.

Kamanda alipiga goti. Kisha akalala ubavu, taratibu, kama mtu aliyechoka. Lango la ngome likafungwa nyuma ya wanawake wawili, na maandishi yakatokea: Vita Vimekwisha.

Harufu ikakatika kama uzi.

Mama aliteleza mpaka sakafuni. Dada akashuka akaketi naye, akamkumbatia. Alikuwa mifupa mitupu, ila mwili umeanza kupata joto.

"Nilijua si yeye," mama alisema.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza. Mwanangu akiwa kwenye mchezo wake, hukumbuki? Utamwita mpaka koo likauke, chakula kinapoa, haitiki. Huyu nilimwita mara moja tu."

"Sasa mama, kwa nini ulinyamaza?"

Mama alimtazama kama anayeulizwa jambo la kitoto.

"Si aliitika."