Sungura Sita wa Safu ya Chini

Haya yalimpata kaka yangu Gathii, tuliyenyonya naye ziwa moja, kwa hiyo sikuyasikia kwa jirani wa jirani. Akijua nimeyaandika atanuna mwezi mzima. Na anune. Tumenyamaza vya kutosha.

Mwaka 2006 Gathii alikuwa mtunza wanyama katika maabara moja ya kujaribia chanjo, nje kidogo ya Kitale kwenye barabara ya Endebess. Chumba chake kilikuwa na sungura thelathini, weupe, kila mmoja na kizimba chake, na kila kizimba kilikuwa na kadi mlangoni. Kila siku saa moja asubuhi alitakiwa kumtazama kila sungura, aandike kama ana maji, kama amekula, kama ni mzima, halafu atie saini na saa. Hapakuwa na mchezo hapo. Kamati ya ustawi wa wanyama ilikuwa ikituma mkaguzi mara mbili kwa mwaka, na mtunzaji aliyekutwa na uongo kwenye kadi alifutwa kazi siku hiyo hiyo.

Nasema bila kumpendelea: Gathii aliwapenda wale sungura. Tulikuwa tukimtania kwamba anawaamkua wao kabla ya kumwamkua mkewe, Nasambu. Kasoro yake ilikuwa moja, na wenzake wote walikuwa nayo. Walikuwa wanasaini mbele. Kila mtunzaji alikuwa na chumba chake, na mwingine haruhusiwi kuingia kwa kuogopa maambukizi. Basi mtu akiwa na safari, Ijumaa anajaza maji, anarundika chakula, kisha anaandika kadi za siku zinazokuja. Mzima. Amekula. Ana maji. Mimi ni mwalimu, sina jiwe la kumrushia. Rejista ya Ijumaa nimewahi kuijaza Alhamisi, na watoto wote walikuwepo, hata yule aliyekuwa amelazwa hospitali.

Mwezi wa nane mwaka huo ulikuwa msimu wa tohara huko Bungoma, na mpwa wa Nasambu alikuwa anatahiriwa. Kwao Nasambu msimu huo huja kila baada ya miaka miwili, kwa hiyo mkwe asipoonekana, atasemwa miaka miwili. Gathii hakutaka kusemwa. Ijumaa aliosha chupa za maji, akazirudisha vizimbani, akarundika chakula, akasaini Jumamosi, Jumapili na Jumatatu, akafunga mlango na kwenda zake kwa wakwe.

Jumanne asubuhi aliporudi, sungura sita wa safu ya chini walikuwa wamekufa. Chupa zao zilikuwa safi, zinang'aa, na kavu kabisa. Kwa haraka ya safari alikuwa ameziosha na kuzirudisha bila kuzijaza. Sungura mmoja alikuwa amekufa akiwa bado ameuma mrija wa chupa. Mlangoni pake kadi ilisema, kwa mwandiko mzuri wa kaka yangu, kwamba jana alikuwa mzima na alikuwa na maji.

Mnyama wa maabara akifa hatupwi. Daktari wa mifugo anampasua aone sababu, fomu ya kifo inajazwa, watu wawili wanasaini. Gathii aliwatia wote sita kwenye gunia, akawapeleka kwenye tanuri la kuchomea taka nyuma ya jengo, akawachoma kabla wenzake hawajafika. Kisha akarudi chumbani, akasimama mbele ya vizimba vitupu, akaandika kadi za Jumanne. Mzima. Amekula. Ana maji.

Adhuhuri hiyo alikuja kwangu. Shule zilikuwa zimefungwa, nilikuwa nachambua maharagwe uani. Aliomba maji, akamaliza jagi. Akaomba tena. Nilimcheka, nikamuuliza kama wakwe zake walimlisha chumvi peke yake. Hakucheka. Alikunywa mpaka akatapika maji matupu, akajifuta mdomo, akaomba mengine.

Jumatano alienda hospitali, wakampima sukari, hawakuona kitu. Alhamisi macho yalikuwa yameingia ndani na midomo imepasuka. Alinifuata jikoni, akafunga mlango, ndipo akanieleza yote niliyoyaandika hapa. Alinieleza kwa kunong'ona, na nyumbani hapakuwa na mtu mwingine.

"Mwihaki, vile vizimba ni tupu," alisema. "Lakini chupa zinaisha."

Nilisema labda zinavuja.

"Nimeweka karatasi chini. Karatasi iko kavu."

Asubuhi alikuwa anazijaza. Saa sita zilikuwa nusu. Saa nane hazina tone. Nilimwambia aende akaseme kweli. Alinijibu kwamba mkaguzi anakuja kesho, na kwamba kama nataka kumlelea watoto wake watatu, niseme tu. Nilinyamaza, maana nilijua hana kazi nyingine mahali popote.

Mkaguzi alikuwa Daktari Wepukhulu kutoka Bungoma, mzee mwembamba, mpole, aliyejulikana kwa kukataa hata chai kabla ya kumaliza kazi. Yaliyotokea siku hiyo Gathii amenisimulia mara nyingi, na hajawahi kubadilisha neno.

Ilikuwa saa nne. Madirisha yalikuwa wazi, jua limejaa chumbani. Daktari alianza na safu ya juu. Alikuwa anasoma kadi, anainama, anatazama ndani, anaandika kwenye kitabu chake. Safu ya kati vivyo hivyo. Gathii alimfuata nyuma, akijua kwamba kazi yake imebaki na dakika chache.

Wakafika safu ya chini.

Daktari alipiga goti. Akasoma kadi ya kwanza. Akatazama ndani ya kizimba kitupu. Akaandika.

Akasogea kwenye cha pili. Akatazama. Akaandika.

Kwenye cha tatu alisita. Alifungua mlango, akaingiza mikono yote miwili, akaitoa polepole. Haikuwa na kitu. Lakini vidole vyake havikukutana. Mkono mmoja ulishika juu, mwingine ukabeba chini, vile sungura anavyobebwa na mtu anayejua. Na ile mikono ilikuwa imelemewa.

"Huyu amekonda," alisema daktari. "Hebu mshike."

Gathii akapokea. Alihisi manyoya. Alihisi mbavu. Baridi. Kisha ulimi mdogo, mkavu kama gunzi la mahindi, ukaanza kulamba kiganja chake. Ulilamba. Ulilamba. Haukuacha.

Daktari alimtazama usoni. Aliitazama midomo yake iliyopasuka.

"Kijana wangu, kabla sijasaini," alisema taratibu. "Kuna kitu ungetaka kuniambia?"

Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake. Gathii alikirudisha kile alichoshika ndani ya kizimba, akafunga mlango.

"Hakuna, daktari. Ni vile iko kwa kadi."

Daktari akasaini kadi zote sita. Kalamu ilipoinuka kutoka kwenye ya sita, kiu ya kaka yangu ikaisha. Iliisha tu, palepale. Jioni alikula ugali wake wote na akacheka na watoto. Chupa za safu ya chini hazikupungua tena. Aliniambia Mungu amemsamehe, nami nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini.

Siku kumi baadaye Nasambu alipigiwa simu kutoka kwao. Alitueleza habari hizo tukiwa mezani, kama mtu anavyoeleza habari za nyumbani. Ati yule Daktari Wepukhulu, ambaye kila mtu kule anamjua, hawezi kuinuka kitandani. Anakunywa ndoo nzima na bado analia kiu, na hospitali haijaona ugonjwa. Watu wameanza kunyoosheana vidole, ati amerogwa, na kuna mama mmoja jirani ambaye tayari amekimbia boma lake. Gathii aliweka kijiko chini. Akamwambia mkewe ukweli, mbele yangu.

Nasambu hakugomba. Alimwambia aende Bungoma siku hiyo hiyo, na kwamba asipoenda, asirudi kumwita mke.

Alienda. Alimkuta daktari nyumbani kwake, ndoo mbili kando ya kitanda, mkewe akimkamulia maji mdomoni kwa kitambaa. Gathii alipiga magoti akasema yote: chupa, tanuri, saini. Daktari hakukasirika. Alisema tu kwamba mikono yake haijapata joto tangu Ijumaa ile. Halafu akaeleza la kufanya, kama mkaguzi.

"Uongo wa kadi haufutwi," alinong'ona. "Unapigwa mstari mmoja, ili bado usomeke. Unaandika ukweli juu yake. Walioweka saini wanaweka tena. Mimi na wewe. Hapo hiyo kiu itakosa mwenyewe, itaisha."

Gathii aliuliza kama wanaweza kutumia karatasi nyingine, pale pale.

"Kadi ile ile. Niletee Alhamisi."

"Nitaleta, daktari."

Jumatano Gathii alizitoa zile kadi sita kwenye kabati la maabara, zilikotunzwa baada ya ukaguzi, akazitia kwenye bahasha, akaifunga kwa gundi. Jioni alipita kwangu. Aliiweka bahasha mapajani, akaniuliza swali moja. Daktari aliposaini, kiu ilimtoka yeye ikamwingia mzee. Sasa yeye akisaini tena, kiu itaenda kwa nani?

Niliitazama midomo yake. Nyufa zilikuwa bado hazijapona. Nilimwona mtoto wa mama yangu, na nikasahau kwamba kuna mama mwingine Bungoma anayekamua kitambaa. Nilimwambia apumzike kwanza, Bungoma haihami. Ni mimi niliyesema hivyo. Niliichukua ile bahasha mimi mwenyewe, nikaifungia kwenye sanduku langu la chuma, ufunguo nikauvaa shingoni.

Alhamisi hakwenda. Ijumaa alisema barabara imeharibiwa na mvua. Barabara yenyewe ni ya lami, na mvua hatukuiona.

Jumamosi, saa moja na nusu asubuhi, alikuwa mlangoni kwangu. Alikuwa ameshika koo. Sikuhitaji kuuliza. Alikunywa jagi, akanyoosha mkono kuomba jingine.

"Imerudi," alisema.

Nasambu alifika nyuma yake, anahema, simu bado mkononi. Daktari Wepukhulu alikuwa amefariki alfajiri hiyo, saa kumi na moja.

Nilivua ufunguo, nikafungua sanduku. Bahasha ilikuwa pale nilipoiweka, gundi haijaguswa. Niliichana. Kadi zote sita zilikuwa zimepigwa mstari. Mmoja kwa kila kadi, umenyooka, maneno ya chini yakisomeka vizuri. Juu yake, kwa mwandiko uliotetemeka ambao haukuwa wa kaka yangu, kila kadi ilisema: Amekufa kwa kiu. Kando palikuwa na saini ya daktari. Kando ya saini hiyo palikuwa pameachwa nafasi.

Nasambu alimwekea Gathii kalamu mkononi. Nilimshikia kadi zisiteleze. Alisaini ya kwanza. Ya pili. Tatu. Nne. Tano. Alisaini ya sita akifumba macho, akingoja.

Kisha akaomba maji. Nilimjazia kikombe. Alikunywa nusu, akakiweka mezani. Nilimwambia aongeze. Akatikisa kichwa. Ilikuwa imemtosha.

Tulikitazama kile kikombe, sote watatu, na tukaelewa kwa pamoja. Kiu haikuwa na pa kwenda. Ilikuwa imeisha, kama mzee alivyosema ingeisha, na ingeisha hivyo hivyo Alhamisi, kando ya kitanda chake, naye angekuwa hai. Gathii alilia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mwanamume. Sikumbembeleza. Ningemwambia nini, na neno la kupumzika lilitoka kinywani mwangu?

Jumatatu alizipeleka kadi kwa kamati yeye mwenyewe, akafutwa kazi kabla ya saa sita. Siku hizi analima mahindi shamba la kukodi, na hawezi kupita mbele ya mnyama aliyefungwa bila kumtafutia maji. Yule mama jirani alirudi bomani kwake baada ya Nasambu kwenda kuwaeleza wazee. Kamati ilibaki na kadi, na mara mbili imemwandikia Gathii barua, ikiuliza swali moja tu: ni nani aliyezifikisha kadi Bungoma. Wanauliza kwa sababu daktari, kama sheria inavyotaka, aliandika na saa kando ya kila saini. Ni Jumamosi ile, saa moja asubuhi, naye alikuwa amefariki tangu alfajiri. Bado hatujawajibu.