Kidonda cha Kisigino Tulichokificha

Niko na miaka ishirini na tatu, mama wa watoto wawili, na hasira yangu haijapoa. Nilisoma sekondari miaka miwili kwa Masista, kwa hiyo musiniambie sikujua. Nilijua!

Tuliishi kwetu Masisi, tukilima maharagi. Lakini bwana yangu alikuwa mutu wa pori la Itebero, na kila kiangazi alirudi kwa baba yake kutega nyama. Mwaka mumoja alileta kidonda cheusi chini ya kisigino. Kilikataa kupona. Kwao, kidonda unachopata kwenye njia ya mitego hakitajwi mbele ya mugeni mpaka kifunge. Ukikitaja, mitego inalala bure, hainasi nyama, na mwenye kidonda anaweza kufa. Mimi njo nilikuwa namufunga kitambaa. Anavaa kiatu... basi, tunanyamaza.

Miezi ikapita, paja la mguu uleule likavimba, gumu kama muhogo mubichi. Baba mukwe akatoka Itebero kuja kumuona, akasema ni jipu la ndani. Tukaweka majani ya moto, tukamuchanja. Kisha dispansere. Munganga akamupiga penisilini siku kumi, akapasua. Usaha haukutoka! Damu tu, nyeusi-nyeusi. Akauliza kama kuna kidonda kingine mwilini.

Bwana yangu akacheka. "Munganga, nimekuletea paja. Unataka na meno?"

Wagonjwa wote wakacheka. Bwana yangu akanitazama kwa jicho la kunikataza. Kwa nini sikusema? Nilikuwa na mutoto mugongoni, sikuwa na jiwe mudomoni!

Sindano zikaongezwa, uvimbe ukaongezeka. Mwishowe baba mukwe na vijana wakamubeba mabegani kwa tipoyi mpaka hospitali ya kando ya ziwa. Kule dokta akamuvua viatu. Wa kwanza kufanya hivyo! Akaniita nje, akasema ni kansa: ilianzia kisigino, ikapanda mpaka ndani ya nyama ya paja, sasa iko mapafuni.

"Mama, kidonda hiki munakijua tangu lini?"

"Tangu kiangazi, Dokta. Cha mwaka jana."

Hakunigombeza. Afadhali angenipiga.

Akafa. Kwenye kilio, baba mukwe akatangaza kwamba mimi njo nimeua mutoto wake, kwa kutaja kidonda kule hospitali; alinisikia. Nikaingia nyumbani, nikatoa kile kiatu, kitambaa kikiwa bado ndani, nikakiweka mbele yake.

"Papa, tulimuua kwa kunyamaza. Wewe na mimi."

Wamama wenzangu, munganga akiuliza, semeni! Bwana atanuna, ao ukoo utakufukuza... acha wafukuze. Bwana aliyenuna anaamuka asubuhi, anaomba chai. Wangu haamuki.