Upepo wa Saa Nane Mchana

Na ijulikane kwa waganga, madaktari na wazazi wote wa mji wa Semarang kwamba mwezi wa Oktoba uliingia ugonjwa mpya, usiopata kuandikwa katika kitabu chochote cha tiba. Ugonjwa huo ulimshika mtu saa nane mchana na kumwachia saa ya chakula cha jioni. Ulichagua siku za shule tu, Jumapili ulipumzika. Na katika mji wenye watu zaidi ya milioni moja, ulikuwa umempata mgonjwa mmoja tu: Kinanti, msichana wa miaka kumi na miwili, darasa la sita, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kuugua kitu kikubwa kuliko kuchukia hesabu.

Nyumbani kwa kina Kinanti watu walikuwa wamechoka. Mama yake aliondoka alfajiri kwenda kiwandani kushona kola za mashati, kola tu, tangu asubuhi hadi jioni, akarudi miguu imevimba na maneno yamemwisha. Baba yake, dereva wa lori la saruji, alionekana nyumbani mara mbili kwa wiki, zote mbili akiwa amelala. Aliyebaki ni bibi yake mzaa mama, Mbah Uti. Yeye ndiye aliyepika, aliyefua, aliyefagia maji ya bahari yalipopanda mpaka kizingitini, na kila saa nane mchana alikwenda kwa jirani kufunga wali wa kunata katika majani ya mgomba, tayari kwa soko la kesho yake. Alirudi saa kumi. Hakuna aliyepata kumwona ameketi bila kitu mkononi.

Ndani ya nyumba hiyo iliyochoka ndimo ilimoingia miwani. Aliileta Paklik Pandu, mjomba wake Kinanti, aliyekuja likizo kutoka kazini Batam. Ilikuwa miwani ya uhalisia pepe, ya kuchezea michezo: dude jeusi, zito, linalofunika nusu ya uso. Ukilivaa, sebule inatoweka, na mahali pake panakuja milima, au bahari, au jumba la kifalme, na kila unapogeuza kichwa unaona upande mwingine, kana kwamba umefika kweli.

Jumapili ya kwanza kila mtu alijaribu. Baba aliona ndege akimjia usoni, akainama ghafla, akagonga kabati la vyombo. Mama alijikuta kando ya ziwa, akatulia kimya dakika kumi. Walipomtazama vizuri, alikuwa amesinzia. Mbah Uti alijikuta mlangoni pa jumba kubwa la marumaru. Akavua kandambili, akapiga hodi. Akapiga tena. Mara ya tatu hakuitikiwa, akaivua miwani akamrudishia mwanawe.

"Nyumba nzuri," alisema, "lakini wenyewe hawapo. Siingii."

Paklik Pandu aliporudi Batam, sanduku lake lilikuwa limejaa, akaiacha miwani. Mama akaweka sheria: Jumapili tu, nusu saa tu, na mtu mzima awepo. Kinanti aliapa, mkono kifuani, sauti ikitetemeka kidogo kwa uzito wa jambo lenyewe. Angekuwa waziri anaapishwa, taifa zima lingelala likimwamini.

Kiapo kilidumu mpaka Jumanne.

Jumanne hiyo, Mbah alipokata kona tu kwenda kwa jirani, Kinanti alipanda kiti akaishusha miwani kutoka juu ya kabati. Rafiki yake Tyas, wa nyumba ya pili, aliwekwa dirishani kuwa mlinzi, kwa ahadi kwamba naye atapewa zamu. Zamu yenyewe ilikuwa ikichelewa sana kufika.

Katika mchezo alioupenda, Kinanti alikuwa tai. Alinyoosha mikono akapaa juu ya mabonde, akapita kati ya majabali, akashuka kama jiwe mpaka karibu na maji, kisha akapanda tena. Kule hakukuwa na hesabu wala maji ya kufagia. Tatizo la kuwa tai ni kutua. Akiivua miwani sebule ilimzunguka, tumbo lilimgeuka, jasho baridi likamtoka, ikabidi alale sakafuni akishikilia mguu wa meza ili dunia isimwangushe.

Hivyo ndivyo Mbah alivyomkuta.

"Nduk, mjukuu wangu, una nini?"

"Kizunguzungu, Mbah. Na kichefuchefu."

Hilo lilikuwa kweli tupu. Ndiyo maana lilikuwa rahisi kulisema.

"Upepo umekuingia mwilini," Mbah alitoa hukumu. "Lala kifudifudi."

Hakuna bibi wa Semarang asiyeijua dawa ya upepo. Mbah alimpaka mafuta ya joto, akachukua sarafu nene ya zamani, akaanza kumkwangua mgongo, mstari baada ya mstari, kutoka kwenye uti kwenda mbavuni, mpaka mgongo mzima ukawa na alama nyekundu kama mifupa ya samaki.

"Mbah, unanichuna!"

"Nyamaza. Ungeona wekundu huu! Upepo uliomo humu ungerusha kishada."

Mgonjwa akipiga mbweu, ni dalili kwamba upepo unatoka. Kinanti alilijua hilo, na kwa kuwa alitaka kazi iishe, alimeza hewa kwanza, kisha akapiga mbweu moja ndefu, ya heshima. Mbah Uti akamshukuru Mungu kwa sauti.

Ingeishia hapo, lakini kesho yake kizunguzungu kilikuwa kimekwisha na miwani ilikuwa bado juu ya kabati. Akaishusha tena, na Ijumaa akaishusha tena. Wiki ya pili Kinanti alikuwa akilala juu ya dawati darasani, na mwalimu alipomwuliza mto wa Brantas unaanzia wapi, alijibu, "Kichwani, mwalimu." Nyumbani nako mambo yaliharibika polepole. Mbah aliamka mara tatu kila usiku kumgusa paji la uso. Kidole gumba chake, cha kushikia sarafu, kilivimba. Mboga zikazidi chumvi. Siku moja aliweka sabuni ya unga kwenye birika akaisubiri ichemke.

"Mama, pumzika," Mama alimwambia.

"Nitapumzika mtoto akipona," Mbah alijibu.

Alhamisi jioni Kinanti alikuwa amelala nyuma ya pazia, mgongo ukinukia mafuta, akawasikia wakizungumza jikoni.

"Mama, tiketi yako ya treni ni ya keshokutwa," Mama alisema. "Mbona hata nguo hujapanga?"

"Siendi."

"Huendi vipi? Mama Mkubwa anahama Jumatatu!"

Mama Mkubwa ni Mbah Sumi, dada yake Mbah Uti, aliyeishi Tegal. Mwanawe alikuwa amekuja kumchukua wakaishi wote Kalimantan, ng'ambo ya bahari.

"Mtoto anaumwa wiki ya pili hii, na wewe uko kiwandani," Mbah alisema. "Nani atamtazama?"

"Basi angalau umpigie simu."

"Simu! Sumi hasikii hata radi. Nimpigie ili nisikilize anavyohema?"

Wote wawili wakacheka kidogo, kicheko cha watu waliochoka. Kisha sauti ya Mbah ikashuka.

"Miaka mitatu sijamtia machoni. Ana themanini na mmoja. Akishavuka bahari, ndiyo basi. Lakini mjukuu ni mjukuu. Nitafanyaje?"

Nyuma ya pazia, Kinanti alijifunika shuka mpaka kichwani. Alihisi kichefuchefu, na safari hii hakuwa ameruka popote. Aliamua kwamba kesho, akitoka shule tu, atasema kila kitu.

Ijumaa alirudi nyumbani mbio, maneno ameyapanga njia nzima: samahani ya kwanza, kisha ukweli, kisha samahani ya pili. Lakini Mbah alikuwa ameshakwenda kwa jirani. Kinanti akabaki katikati ya sebule na ungamo lake lililoiva, hana wa kumpakulia. Akatazama juu ya kabati.

"Mara ya mwisho," alimwambia Tyas. "Ya kuagana nayo tu. Kaa dirishani."

Akavaa, akapaa. Mabonde yalikuwa yale yale, lakini hayakumfurahisha. Baada ya muda alisikia mlango ukilia na kiti kikilalamika, akajua Tyas amechoka kusimama.

"Tyas, nikuambie kitu, lakini usicheke. Mbah hataki kwenda Tegal kwa ajili yangu. Anadhani nina upepo. Upepo wapi! Ni hii miwani. Nikiivaa nusu saa tu, tumbo linageuka."

Kimya.

"Na zile mbweu ni za uongo. Nameza hewa kwanza."

Kiti kikalia.

"Leo nitamwambia. Lakini nikimwambia, hii itafungiwa. Na atanichukia. Ungekuwa wewe ungefanyaje?" Alipita juu ya mto, akakunja bawa. "Leo umekuwa bubu? Haya, basi nipe hata maji."

Nyayo zilikwenda jikoni zikarudi. Kikombe kikawekwa taratibu mkononi mwake. Kinanti akanywa.

Yalikuwa vuguvugu, yana tangawizi na sukari ya mnazi. Tyas, maskini, hajui kuchemsha hata maji matupu.

Tai akaanguka kutoka mbinguni.

Alipoivua miwani alimwona Mbah Uti amekaa mbele yake, kipande cha jani la mgomba kimenata kwenye kanga yake. Kidole kilikuwa kimekataa kufunga wali, akarudi mapema. Tyas alikuwa amesimama mlangoni, ameziba mdomo kwa mikono miwili, kwa amri.

"Mbah..."

"Endelea. Ulikuwa unasimulia vizuri."

"Mbah, nisamehe."

"Kwa hiyo huumwi."

"Kizunguzungu ni cha kweli, Mbah."

"Lakini ulijua kinatoka wapi."

"Nilijua."

"Mimi sikujua," Mbah alisema.

Kinanti alingoja makelele. Hayakuja. Mbah aliutazama mkono wake, akakikunja kile kidole kilichovimba ndani ya vingine.

"Nilikuwa na mdogo wangu, umri wako. Alianza hivi hivi, kizunguzungu na kutapika. Tukasema upepo, tukamkwangua. Haukuwa upepo. Wiki mbili hizi, kila nikikushika mgongo, nilikuwa namwona yeye." Akakifungua kidole. "Kukukwangua hakunichoshi, nduk. Hiyo ni kazi, na kazi ikiisha mtu analala. Lakini hofu? Unalala nayo, unaamka nayo, ndiyo kwanza inakutazama."

Kinanti alilia kwa aibu. Mbah alimwacha alie, kisha akamwambia, "Jioni utamwambia mama yako mwenyewe. Kwa mdomo wako. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

Mama alizisikiliza habari hizo miguu ikiwa ndani ya beseni la maji ya chumvi. Zilipoisha alifumba macho.

"Sina nguvu za kugomba leo," alisema. "Nitagomba Jumapili." Na Jumapili, kwa kweli, aligomba, kwa utaratibu, kuanzia kiapo. Lakini Ijumaa hiyo alisema tu: "Macho yanauambia mwili unaruka, miguu inauambia umesimama. Mwili haujui umwamini nani, ndipo unapougua. Ndivyo ulivyomfanya bibi yako. Miwani itakaa kabatini, na ufunguo utakaa kwangu mpaka mitihani ipite. Vyombo na kufagia maji ni kazi yako kuanzia sasa. Haya, kamsaidie kupanga nguo. Treni haimngoji mtu."

Asubuhi ya Jumamosi Kinanti alibeba kikapu mpaka stesheni. Mbah alivaa blauzi yake ya kebaya ya kijani, uso wake ungali na usingizi ambao haujalipwa. Treni ilipoingia alishika chuma cha mlango, akageuka.

"Kuna lingine? Sema sasa. Sitaki kukaa nikiwaza njia nzima."

"Hakuna, Mbah."

"Alhamisi je? Mgongo wako haukutoa wekundu hata kidogo. Niliuona."

Hadithi hii iliiruka alasiri ya Alhamisi, na haikuiruka kwa bahati mbaya. Kinanti aliinamisha kichwa.

"Alhamisi sikuivaa," alisema. "Sikuwa na kizunguzungu wala nini. Nilijilaza tu sakafuni ulipokaribia kurudi. Nilitaka unikwangue."

"Na zile kelele za kuchunwa?"

"Za uongo. Ndiyo saa pekee ambayo unakaa chini, Mbah. Nami."

Mbah Uti aliachia chuma cha mlango. Watu walimpita na mizigo yao.

"Sikiliza," alisema mwishowe. "Ukiwa na haja nami, niambie haja yenyewe. Sema: Mbah, kaa nami. Maneno matatu tu. Usiniletee ugonjwa usiokuwepo, maana mimi nitauuguza kweli, na nguvu ninazouuguzia ni za kweli."

"Nilidhani utasema una kazi."

Filimbi ikalia. Mbah alikichukua kikapu kwa mkono ule usiovimba.

"Ningesema," alikiri. "Ningesema nina kazi. Kisha ningekaa."