Vikopo Vitatu, Choo cha Siku Moja

Fundi cherehani alikuwa hamalizi mshono mmoja bila kukimbilia msalani. Wiki ya sita sasa! Alikuwa akiishi na virusi vya UKIMWI, na dawa alizianza juzijuzi tu, kinga ya mwili ikiwa imeshuka sana. Alikonda mpaka bintiye akaogopa kumuuliza, "Mama, leo unajisikiaje?"

Kliniki walimpa vikopo vitatu. "Lete choo kikubwa cha siku tatu. Kila siku kikopo kimoja," aliambiwa.

Apite mbele ya majirani na choo mkononi, mara tatu? Thubutu! Alichukua cha siku moja, akakigawa, akaandika tarehe tofauti, akavipeleka vyote pamoja. Jamani, aibu nayo!

Mtaalamu wa maabara, ambaye wagonjwa walimwita Mama Darubini, alivipima kisha akamwita pembeni.

"Dada yangu, sikuona kitu. Lakini vikopo vyote vina maganda yale yale ya maharage. Si vya siku moja hivi?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Niliona aibu. Kwani kuna tofauti gani?"

"Kubwa. Vimelea vya tumboni havitoki kila siku. Leo vinatoka vingi, kesho huoni hata kimoja, na bado vimo ndani vinakumaliza. Tunapima siku tatu ili visitukwepe. Tukiviona, tunavihesabu. Baada ya dawa tunahesabu tena, tujue kama vinapungua. Kinga ikiwa dhaifu, mwili hauviwezi peke yake."

"Kumbe nilikuwa najimaliza mwenyewe!"

"Bado uko hapa. Anza upya kesho."

Akaanza. Siku ya kwanza, hakuna kitu. Siku ya pili, vimelea tele. Daktari akampa dawa ya vimelea, na ile ya virusi akamsisitiza asiiruke hata siku moja. Nyumbani wakachemsha maji ya kunywa, wakanawa kwa sabuni kila walipotoka msalani.

Wiki mbili baadaye vimelea vilikuwa vichache. Mwezi ulipoisha alipeleka tena choo cha siku tatu. Siku ya majibu alingoja kwenye benchi.

"Sifuri," alisema Mama Darubini. "Siku zote tatu."

"Hata mara ile ulisema hakuna kitu."

"Mara ile ulinidanganya. Leo umenipa ukweli, nami nakupa ukweli."

Fundi akalia palepale, mbele za watu, bila kujali nani anamtazama. "Kwa hiyo nitamlea binti yangu?"

"Shika dawa zako, utamlea mpaka akuchoke."

"Acha anichoke," akasema Fundi. "Mungu wangu, acha anichoke!"