Habari Iliyokatika Kwapani

Kitu cha kwanza msichana alichokiona si uso wa kijana, ni kifungo. Kifungo cha pili kutoka juu, kwenye shati la buluu iliyopauka, kilikuwa kimeshonwa kwa uzi mweusi na mtu asiye na subira. Sasa kilining'inia kama jino la mtoto.

Msichana alikuwa nyuma ya cherehani yake, kwenye ujia wa jengo la maduka, ubavuni mwa duka la kuchapa na kutoa kopi. Ulikuwa msimu wa maombi ya vyuo. Watu walibanana na bahasha mikononi, mashine zilinguruma, na mwenye duka, mwanamke mnene ambaye jengo zima lilimwita Mama Kopi, alipaza sauti.

"Vyeti huku, picha kule! Na asiyekuja na kalamu asinitazame!"

Kijana akachomoka kwenye foleni, kifungo sasa kiko kiganjani.

"Fundi, niokoe. Napigwa picha sasa hivi."

"Vua," alisema msichana bila kuinua macho.

"Nivue hapa? Mbele ya Mama Kopi?"

"Vua tu, baba!" Mama Kopi alijibu kutoka ndani. "Mimi nimeshaona mengi!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Msichana alihisi masikio yakimuwaka. Akatia uzi wa buluu kwenye sindano, akasimama, akamshonea shati likiwa mwilini. Kijana alinukia sabuni ya kufulia na wino.

"Taratibu, fundi. Usije ukanichoma moyo."

"Sindano yangu fupi. Haifiki huko."

Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyowahi kumwambia mtu asiyemjua wiki ile.

Kesho yake kijana alirudi na suruali.

"Ina nini?" aliuliza msichana, akiigeuza huku na huku.

"Iangalie vizuri."

"Nzima hii."

"Basi nimekuja bure. Nikae?"

Akakaa. Akawa anakaa kila siku akitoka kazini. Alikuwa karani wa kampuni ya bima, mtaa wa pili. Yeye alimbatiza msichana jina la Kimya. Mama Kopi, kwa jinsi alivyomwona na vitabu kwapani kila saa, alimwita Msomi. Na mchana, akiwa ofisini, Msomi alipiga simu.

"Kimya wangu, umekula?"

"Mm."

"Mm ya ndiyo au mm ya hapana?"

"Ya ndiyo."

"Nakupenda."

"Nimesikia."

"Umesikia! Mtu anaambiwa anapendwa, anajibu kama karani wa mahakama!"

Msichana alicheka huku ameziba mdomo kwa kitambaa alichokuwa akikishona. Neno lenyewe lilikuwa limemjaa kifuani, ila kutoka mdomoni halikujua njia. Badala yake alimshonea koti la kijivu, akalipiga pasi mara mbili, akamvisha pale pale ujiani. Msomi alijigeuza mbele ya kioo cha duka la Mama Kopi mpaka wateja wakamwambia atoke njiani.

Kilichomkosesha Msomi usingizi kilikuwa karatasi moja. Alikuwa anaomba nafasi ya shahada ya uzamili, anataka kusomea elimu ya watu waliokatiza shule. Vyeti alikuwa navyo, wadhamini walishaandika. Ilibaki barua ya kujieleza.

"Wanataka niseme mimi ni nani na kwa nini nataka kusoma. Nimeandika mara tano. Mwalimu wangu wa zamani anasema haina uhai. Nisikilize wewe."

"Mimi? Mimi najua nini?"

"Unajua kusikiliza."

Akasoma. "'Tangu utotoni nimekuwa na ari kubwa ya kulitumikia taifa langu kwa kutumia...'"

"Hapo nimelala."

"Hata sentensi haijaisha!"

"Ndiyo maana."

Kwa wiki mbili walifanya hivyo, yeye anasoma, Kimya anapinda marinda na kumwambia wapi amesinzia. Walicheka sana. Simu ya mama yake Msomi, mwalimu mkuu mstaafu, ilikuwa ikiwakatiza, akiuliza barua imefika wapi, apelekewe aisahihishe.

"Anaisahihisha nini na macho ya uzee?" aliuliza Kimya siku moja.

"Macho ya uzee? Mama anasoma gazeti bila miwani, na makosa ya chapa anayazungushia kalamu nyekundu!"

Kisha, kama mtu aliyekumbuka kitu, akauliza, "Wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La tano."

"Kwa nini?"

Sindano ilisimama. Watu walikuwa wamemuuliza hivyo, lakini kwa kupita tu, wakiwa wameshageuza uso. Huyu aliuliza, akangoja.

Akamweleza. Mama yake alikuwa fundi kabla yake. Macho yakamwingia ukungu, tundu la sindano likawa halionekani tena. Kimya akabaki nyumbani kumtungia uzi. Vielelezo vya kukatia nguo vilikuwa magazeti ya zamani yaliyokatwa umbo, la mgongo, la mkono, la kola, yametundikwa msumarini. Humo ndimo alimojifunza kusoma sawasawa.

"Habari inakwenda vizuri, inafika kwapani, inakatika. Mwizi amekimbia, polisi wamemkaribia, kwapa. Sijui mpaka leo kama alikamatwa."

"Sasa unafanyaje?"

"Namalizia mwenyewe kichwani."

Msomi akasogea karibu. "Kimya... hii ni..."

"Usimwambie mtu."

"Nani? Mimi?" Akaweka mkono kifuani, juu ya kile kifungo cha uzi wa buluu.

Kimya alikuwa amesema yote, isipokuwa jambo moja. Hilo alilimeza, kama alivyolimeza miaka yote.

Siku ya mwisho ya maombi ilifika. Bahasha zilitakiwa zipelekwe kwa mkono kabla ya saa kumi na moja jioni. Msomi aliituma barua kwa Mama Kopi kwa simu, aichape, yeye ataipitia akitoka kazini. Saa nane Mama Kopi akatoka dukani na karatasi mkononi, anajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Mwanangu! Kumbe Msomi wako amepitia makubwa hivi, na hukuniambia!"

"Makubwa gani, Mama?"

"Sikiliza. 'Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Macho yake yalipoingia ukungu, niliacha shule mwaka mzima ili nimtungie uzi sindanoni. Nilijifunza kusoma kwenye magazeti ya kukatia nguo. Habari ilifika kwapani, ikakatika, nami nikaimalizia mwenyewe kichwani...' We! Nimelia kama nimefiwa!"

Mguu wa Kimya uliendelea kukanyaga cherehani. Aliposhtuka, mkono wa gauni alilokuwa analishona ulikuwa umefungwa mdomoni, hauingii hata kidole.

"Rudia hapo mwanzo, Mama."

"Wapi?"

"Hapo kwa mama wa nani."

"'Mama yangu,'" alisoma Mama Kopi. Kisha akamtazama Kimya, akatazama cherehani, akatazama magazeti yaliyotundikwa msumarini. Karatasi ikamtoka mikononi.

Msomi alikuja saa tisa na nusu, amevaa lile koti la kijivu, anatabasamu tangu mbali.

"Kimya wangu! Imetoka?"

"Mama yako amekuwa fundi lini?"

Tabasamu lilibaki usoni, ila halikuwa na mwenyewe.

"Nilitaka kukwambia."

"Lini?"

"Nikishapata. Nikwambie kwa furaha. Mpenzi, ni barua tu. Watu wote wanaongeza chumvi."

"Hii si chumvi. Hii ni sufuria yangu nzima, na mama yangu yumo ndani."

"Wewe mwenyewe ulisema zile zangu zinakulaza! Wanataka mtu aliyepata shida. Mimi nimelelewa vizuri, nimesomeshwa, sina habari yoyote. Hilo nalo kosa langu?"

"Nilikwambia usimwambie mtu."

"Sikukutaja popote!"

"Ndiyo," alisema Kimya. "Hukunitaja popote."

Msomi akapiga magoti kando ya cherehani, akamshika mkono. Aliyoyasema baadaye aliyasema kwa upole, na upole ndio uliouma.

"Kimya, fikiria tu. Imekaa kwako bure miaka yote. Wewe ungeitumia wapi?"

Kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini za uzi, palikuwa na fomu ya darasa la jioni la watu wazima. Ilikuwa imekunjwa mara nne, ina miezi mitano. Maswali yote yamejazwa isipokuwa moja: sababu ya kukatiza masomo. Alikuwa amepanga kumwomba Msomi amsaidie.

Hakuitoa. Aliinama akaiokota barua. Angeweza kuichana, Mama Kopi mlangoni alikuwa akimwonyesha kwa mikono, chana, chana! Lakini mama yake alikuwamo mle, na ukungu wake machoni. Mtu hachani mama yake. Akampa.

"Mimi nilitunga uzi," alisema. "Wewe nenda na ulichotunga."

Msomi akaondoka, kwanza polepole, kisha, alipotazama saa, kwa mbio.

Wiki sita zikapita. Kimya alishona, akafumua, akashona. Mchana, saa ya simu, alikanyaga cherehani kwa nguvu asisikie ukimya wa simu. Kisha simu ikalia.

"Kimya, usikate. Wameniita kwenye usaili, niko mlangoni. Wamevutiwa na mambo ya magazeti. Nitajie habari moja tu iliyokatika, mbali na ile ya mwizi, na jinsi ulivyoimalizia, maana wataniuliza iliishaje."

Kimya alitazama gazeti la mgongo lililokuwa mbele yake, mkasi mkononi.

"Malizia mwenyewe kichwani."

"Tafadhali... Bado nakupenda. Wallahi nakupenda."

"Nimesikia," alisema, akakata simu.

Akavuta droo, akatoa fomu, akaingia nayo dukani. Kalamu ilimkataa, ikachora mkwaruzo.

"Lete," alisema Mama Kopi, akivaa miwani. "Wewe sema, mimi niandike. Sababu ya kukatiza masomo. Macho ya mama, si ndiyo?"

"Hapana."

"Hapana vipi? Si ndiyo habari yenyewe?"

"Hiyo aliyoichukua ni kisingizio."

Palikuwa na wateja wanne. Kimya aliwaona wote, na masikio yakamuwaka kama siku ile ya kifungo. Hakuinamisha kichwa.

"Andika, Mama. Shangazi alikuwepo nyumbani, naye alijua kutunga uzi. Mama aliniomba nirudi shule, aliniomba akilia. Mwalimu alikuwa amenisimamisha nisome mbele ya darasa, sauti ikakataa kutoka, wakanicheka. Sikuacha shule kwa ajili ya macho ya mama. Niliacha kwa sababu niliogopa kusikika."