Sherehe au Shoroho

"Dada, mimi naandaa sherehe. Hii shoroho ni kitu gani?"

Mpanga kadi wa duka la uchapaji aliichukua kadi ya majaribio, akaisogeza dirishani. Bi harusi alikuwa na haki ya kuuliza. Herufi zilikuwa mpya, za mlazo, zimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza, mikia imepinda kwa madaha. Tatizo lilikuwa e. Mdomo wake ulifumba mno, ukitazama haraka unasoma o.

"Samahani, dada. Nitairekebisha, pita kesho."

Bi harusi alipotoka, shangazi yake, mwenye duka, aliinua kichwa kwenye mashine ya kukatia karatasi.

"Si wewe uliyeniambia nizinunue mtandaoni? Eti zinafaa kadi, vyeti, na shairi la kutundika ukutani!"

"Zinafaa, shangazi. Kitabu kizima zingechosha macho, lakini kwa kadi hazina mpinzani. Ni hii e tu."

"Basi mwulize aliyezichora. Namba yake hiyo hapo kwenye risiti."

Akaandika ujumbe: "Habari. Herufi zako nzuri ajabu, ila e inasomeka o. Ulikusudia?"

Jibu likaja: "Nilikusudia. Niliiga mwandiko wa mtu, nikaacha kila kitu alivyoandika."

Akaitazama tena kadi. Mkia wa y uliorudi nyuma. Bega la mviringo la h. Akalilaza daftari lake la oda kando ya kadi. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe.

Barua zake alikuwa nazo mtu mmoja tu: kijana aliyekwenda mbali kusomea uchoraji wa herufi, akaahidi kurudi kumchumbia, kisha akanyamaza miaka mitatu. Akapiga simu.

"Ni wewe?"

Sauti ilikuwa ile ile, ya taratibu.

"Ni mimi. Mumeo hajambo?"

"Mume gani?"

"Si uliniandikia mwenyewe? Nilikwambia masomo yameongezwa mwaka, ukanijibu mistari miwili."

"Nisomee."

"'Naolewa. Usihangaike kurudi haraka.'"

Alijibwaga kitini. Alitaka kucheka, machozi yakamtangulia.

"Naelewa! Niliandika naelewa, wewe mwanamume! Na-e-lewa!"

Shangazi akazima mashine ili asikie vizuri.

"Kwa nini hukuniuliza?" mpanga kadi akasema.

"Niliumia. Na wewe mbona hukuuliza?"

"Nilijua umepata mwingine huko. Nikajifanya jeuri, kumbe nakulilia."

"Mimi nilishindwa kukusahau. Nikasema kama yeye nimemkosa, angalau mwandiko wake nibaki nao."

Kesho yake mchoraji alifika na basi la kwanza, kompyuta kwapani, shati limekunjamana. Alimwamkia shangazi, akaketi, akaifumbua e mdomo bila maneno mengi. Bi harusi aliondoka na sherehe yake, tena anacheka.

Ndipo mchoraji akaichomoa ile barua mfukoni, imechakaa kwenye mikunjo.

"Nilirudi kwa ajili ya swali moja. Nimelichelewesha miaka mitatu. Utakubali niwe mumeo?"

Mpanga kadi alichukua kipande cha kadi na kalamu ya ncha bapa, akaandika neno moja, mlazo wake ule ule, akamsukumia.

Mchoraji alilisoma. Akalisogeza dirishani, akalisoma tena.

"Hii ni e au o?"

"Safari hii," akamwambia, "ni o."